Naivasha kwa Fimbo na Chambo Bandia

Maelezo haya nimeyaandika baada ya kurejea Nairobi, nikiyakusanya kutoka katika daftari lililolowa pembeni na picha za simu ambazo saa zake zilinisaidia kukumbuka lipi lilitangulia lipi. Tulikwenda wawili, mimi na binamu yangu, tukiwa na shabaha ya samaki mmoja tu: besi wa mdomo mpana, mzaliwa wa Amerika Kaskazini aliyepandikizwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa michezo. Nitasema mapema ninachokiamini baada ya safari hii, ili msomaji asiyependa habari za matatu aweze kuruka mbele. Besi wa Naivasha hutafutwa kwa kuangalia mambo mawili, yaani jicho linaona hadi kina gani ndani ya maji, na kamba wekundu, ambao ndio chakula chake, wamejificha wapi. Rangi ya chambo, uzito wa chubwi (kizito cha kuzamishia chambo) na unene wa mshipi huamuliwa baada ya hayo mawili kujulikana.

Alhamisi: Nairobi hadi Kamere

Tulipanda matatu Nyamakima saa mbili asubuhi kwa nauli ya shilingi 400 kila mtu. Fimbo zetu, ambazo ni za futi 7 na hugawanyika vipande viwili, tulikuwa tumezitia ndani ya bomba la plastiki lenye vifuniko pande zote mbili, na kondakta alipoliona alidai kwamba bomba hilo ni abiria na sharti lilipiwe kiti. Tulipatana shilingi 150, likalazwa chini ya viti kuanzia mlangoni hadi nyuma. Anayefikiria kusafiri na fimbo ya kipande kimoja kwa usafiri wa umma aliondoe wazo hilo, kwa sababu ncha ya fimbo haivumilii gunia la viazi, na magunia ya viazi hayakosekani katika barabara hii.

Baada ya Limuru ukungu ulikuwa mzito. Pale Soko Mjinga dereva alisimama ili abiria wanunue kabichi na karoti, na kituo kilichotangazwa kuwa cha dakika tano kikawa cha dakika ishirini. Karibu na Kinungi tulikuta lori limekwama katikati ya barabara na foleni ikiwa imetanda pande zote, nasi tukakaa hapo zaidi ya saa moja. Mama aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha kando ya barabara alimpa binamu yangu hindi moja, binamu alipotoa noti ya elfu moja, mama akacheka na kusema, "Kula tu, mwanangu, chenji ya hiyo noti nitaitoa wapi saa hizi?" Tulimwomba abadilishe kwa jirani yake, akakataa kabisa.

Foleni ilipofunguka, ziwa lilionekana chini ya bonde, na Mlima Longonot ukiwa upande wa kushoto. Ziwa hili liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi, ingawa hakuna mto unaotoka ndani yake juu ya ardhi; wataalamu wanaeleza kwamba maji hupenya chini kwa chini na kubeba chumvi kwenda nazo.

Mjini Naivasha tulikwenda kwanza ofisi ya uvuvi kushughulikia leseni ya uvuvi wa michezo. Fanyeni hivyo kabla ya kufika ufuoni, na muulize pia kama kuna kipindi cha kufungwa kwa ziwa, kwa kuwa uvuvi husimamishwa kwa nyakati fulani ili samaki wazaliane. Matatu ya Barabara ya Moi South Lake ilitutoza shilingi 150 kila mmoja hadi Kamere, tukipita mabanda marefu ya maua ambayo hayaishi upesi. Tulipata chumba cha shilingi 1,500 kwa usiku, pamoja na ndoo ya maji ya moto, na jioni tukala ugali, sukuma wiki na samaki wa kukaanga kwa shilingi 350 kila sahani.

Usiku tulifunga vifaa. Kila fimbo ilikuwa na rili (gurudumu la kuzungushia mshipi) yenye mshipi wa kusokotwa wenye nguvu ya ratili 30, na mbele yake tuliunganisha takriban mita moja na nusu ya mshipi wa fluorokaboni wa ratili 15. Mshipi wa kusokotwa haunyumbuki, kwa hiyo mguso mdogo wa samaki humfikia mvuvi mkononi mara moja, nao hukata majani laini unapovutwa kwa nguvu. Udhaifu wake ni kwamba huonekana majini na huchubuliwa na mawe na magome. Fluorokaboni ya mbele, plastiki ngumu isiyoonekana sana majini, hufidia udhaifu huo. Ndoana tulizifunga kwa fundo la Palomar: unakunja mshipi mara mbili, unaupitisha katika tundu la ndoana, unafunga fundo la kawaida bila kulikaza, kisha unaivusha ndoana nzima ndani ya kitanzi kilichobaki. Kabla ya kukaza, lilowesheni fundo kwa mate. Mshipi mkavu ukikazwa hupata joto la msuguano na kupoteza nguvu palepale kwenye fundo, na mtu hulijua hilo siku anapovuta mshipi mtupu.

Ijumaa: Katika migunga iliyozama

Nahodha wetu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, aliyeanza uvuvi wa nyavu katika ziwa hili akiwa kijana na ambaye sasa hupeleka wageni kwa boti yake yenye injini ndogo. Tulikubaliana shilingi 5,000 kwa nusu siku, petroli ikiwa ndani. Alitupa majaketi ya kuokolea maisha na akasubiri hadi tumefunga kila kamba. "Vijana wangu," alisema, "humu ndani bosi ni kiboko. Nikisema tuondoke, mshipi ukatwe, hata kama una samaki."

Tahadhari hiyo haikuwa ya kutisha wageni. Alfajiri viboko hurudi majini kutoka malishoni, na njia zao hupita katikati ya mafunjo, mahali palepale ambapo mvuvi wa ufuoni angependa kusimama. Watu wanaovua kwa kuingia majini kwa miguu wameshauawa na viboko katika ziwa hili. Kwa sababu hiyo siwezi kumshauri yeyote avulie Naivasha kutoka nchi kavu. Fedha za boti ndizo za kwanza kutengwa katika bajeti.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, ziwa likiwa tulivu kabisa. Mzee alitupeleka kwenye msitu wa migunga iliyokufa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2019 na kuendelea mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda sana, yakafunika mashamba, nyua za hoteli na nyumba za watu katika mtaa wa Kihoto, na migunga iliyokuwa ukingoni ikajikuta ndani ya maji na kukauka. Sasa vigogo vyake vimesimama majini, vyeupe kwa kinyesi cha ndege wavuvi waitwao minandi, na chini ya maji kuna matawi, mizizi na hata nguzo za ua zenye waya. Kwa mwenye shamba hiyo ni hasara. Kwa besi ni makao.

Kwa kawaida besi hawindi kwa kukimbiza. Ni samaki wa kuvizia, anayesimama kando ya kitu chenye kivuli, kama kigogo, jani au ukingo wa mafunjo, akisubiri windo lipite karibu. Kisha hufungua mdomo wake mkubwa kwa ghafla, na maji yanayoingia kwa kasi huliingiza windo pamoja nayo. Kinachoingia hivyo kinaweza kutemwa vilevile. Akihisi kitu kigeni kinywani, besi hukitoa kwa muda mfupi sana, na hiyo ndiyo sababu mvuvi wa chambo bandia hawezi kuweka fimbo chini akaanza kunywa chai.

Katika matawi kama yale, ndoana iliyo wazi hunasa mti mara tu inapozama. Tulitumia mpangilio wa Texas. Chubwi dogo lenye umbo la risasi, la gramu 7, hupitishwa kwenye mshipi likiwa huru kuteleza, na chini yake hufungwa ndoana yenye shingo iliyokunjwa. Mnyoo wa plastiki laini huchomwa kichwani, ndoana ikatokezwa ubavuni baada ya nusu sentimita, ikageuzwa, kisha ncha yake ikarudishwa ndani ya mwili wa mnyoo hadi isionekane. Mnyoo ukining'inia umenyooka, umefanya vizuri. Ukiwa umejikunja, utazunguka majini na kusokota mshipi. Chambo kikiwa hivyo hupanda na kushuka juu ya matawi bila kunasa, na ncha hutoboa plastiki pale tu mvuvi anapokita ndoana.

Mzee alizima injini mbali na miti na kutusogeza kwa kasia. Binamu alirusha kando ya kigogo kilichoinama, akauacha mnyoo uzame kwa mshipi uliolegea kidogo. Wengi huvuta mara baada ya kurusha, na hapo hupoteza nafasi bora kuliko zote, kwa maana besi hupenda kuchukua kitu kinachoanguka. Mshipi ulikuwa umelala juu ya maji umejipinda kidogo. Ghafla pindo lile likanyooka na mshipi ukaanza kwenda upande, polepole, bila mshtuko wowote mkononi. Mzee aliona kabla yetu. "Anatembea nayo," alisema. Binamu alishusha ncha ya fimbo, akazungusha rili kuondoa ulegevu, akainua kwa nguvu. Samaki aliruka juu akitikisa kichwa, kama besi wanavyofanya ili kuitema ndoana, naye binamu akaishusha fimbo hadi karibu na maji ili asiruke tena.

Alikuwa na gramu 700 hivi, mwenye mgongo wa kijani kibichi uliokolea, tumbo jeupe, na mstari mweusi wenye mabakabaka ubavuni kutoka kichwani hadi mkiani. Ili kuthibitisha aina yake, fungeni mdomo wake na kuangalia taya la juu: kwa besi wa mdomo mpana, taya hilo hufika nyuma ya jicho. Binamu alimshika mdomo wa chini kwa kidole gumba. Meno yake ni madogo na ya kukwaruza tu, hayakati. Alipompanua ili aondoe ndoana, kooni mlionekana mapembe mawili mekundu yakitokeza: kamba aliyemezwa muda si mrefu, akiwa bado na rangi yake.

Hilo lilibadilisha uchaguzi wetu kwa siku zilizofuata. Kamba mwekundu wa Louisiana alipandikizwa Naivasha mwaka 1970, na amekuwa chakula kikuu cha besi wakubwa wa ziwa hili. Yeye hutambaa chini polepole, lakini akishtuka hupiga mkia na kurudi nyuma kwa mikupuo mifupi. Kwa hiyo tuliacha minyoo mirefu ya rangi za kupendeza, tukachukua chambo cha plastiki chenye mapembe mawili, cha rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu, tukawa tunakisogeza chini kwa kukiinua sentimita kumi, kukiangusha, na kukituliza. Kutuliza ndiyo kazi ngumu kwa mtu mwenye haraka. Tulipata wengine kadhaa kabla ya saa tano, wote wakichukua chambo kikiwa kimesimama au kikianguka.

Karibu na saa sita upepo ulianza. Hali hii ni ya kawaida Naivasha: asubuhi ni shwari, mchana upepo huamka na mawimbi huwa makubwa kwa boti ndogo. Pangeni kuwa nchi kavu mchana. Alasiri yote tulilala.

Jumamosi: Mdomo wa Mto Malewa

Binamu alitaka kuona upande wa kaskazini, ambako Mto Malewa, ulio mkubwa kuliko mito yote inayolisha ziwa hili, huingia katikati ya mafunjo. Mzee hakupendezwa. Alisema mvua ilikuwa imenyesha milimani na kwamba tungeona maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kwa kuwa ni mbali, bei ilipanda hadi shilingi 7,500.

Aliyoyasema ndiyo tuliyoyaona. Niliteremsha chambo cheupe kando ya boti na kikatoweka kabla ya kufika kina cha mkono. Mto huleta udongo wake, lakini kuna sababu nyingine ambayo wavuvi wa nyavu huitaja kila mara: samaki aina ya kape, aliyeonekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambaye sasa hujaza nyavu zao. Kape hutafuta chakula kwa kuchimbua matope, na matope hayo huelea. Besi ni mwindaji anayetegemea sana macho, hivyo maji yakichafuka uwanja wake hupungua. Wavuvi tuliozungumza nao hawana kinyongo na kape, kwa sababu ndiye anayewalisha. Ni sisi wenye fimbo tunaolalamika.

Besi katika maji kama hayo hasemi kwaheri, bali hubadilisha namna ya kuwinda. Husogea karibu zaidi na kitu anachojificha nacho, kwenye kina kifupi, na hutegemea mstari wa ubavuni, ambao ni mfumo wa vihisio vinavyotambua mitikisiko ya maji. Chambo hapo sharti kitoe mshindo. Tulifunga chambo cha waya chenye bati la mviringo linalozunguka, kwa sababu bati la mviringo hutikisa maji zaidi kuliko bati jembamba lenye umbo la jani, ambalo kazi yake kubwa ni kumetameta katika maji maangavu. Rangi tulichagua nyeusi yenye buluu. Wengine hushangaa kwa nini rangi ya giza itumike katika maji machafu. Ni kwa sababu huchora kivuli kilicho wazi dhidi ya mwanga unaotoka juu, na samaki anayetazama kwa karibu anahitaji umbo kuliko urembo.

Tulirusha sambamba na ukingo wa mafunjo, badala ya kurusha moja kwa moja kuelekea kwake, ili chambo kikae mahali penye samaki kwa safari yake yote. Besi mmoja mdogo alikipiga karibu kabisa na boti. Baada ya hapo hakuna kilichotokea kwa saa mbili, na sina la kuongeza kuhusu saa hizo.

Wakati wa kurudi, upepo ulikuwa umesukuma kisiwa kizima cha gugu maji mbele yetu. Gugu hili limo ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, nalo husafiri kufuata upepo. Njia iliyo wazi asubuhi inaweza kufungwa mchana. Mizizi ilijisokota kwenye panga la injini, injini ikazima, na kila mzee alipoondoa fungu moja jingine liliingia. Vijana watatu waliokuwa wakitoka kutega nyavu walitusogelea bila kuitwa, wakatufunga kamba na kutukokota kwa makasia hadi kwenye maji wazi. Tulipotaka kuwapa kitu, mkubwa wao alisema, "Mzee huyu alitukokota sisi mwezi uliopita." Walikubali mkate na soda, basi. Bebeni kisu kikali, maji ya kunywa ya akiba na kofia. Kukwama katikati ya gugu saa saba mchana ni jambo la jua zaidi kuliko la samaki.

Jumapili: Ndani ya kreta ya Kisiwa cha Crescent

Sehemu kubwa ya Ziwa Naivasha ina kina cha mita chache tu. Upande wa mashariki, hata hivyo, Kisiwa cha Crescent ni ukingo wa kreta ya zamani, na maji yaliyo ndani ya mkunjo wake hufikia kina cha zaidi ya mita 15. Hapo maji ni maangavu zaidi, na chini kuna mawe. Mzee alitaka tufike kabla ya jua, nasi tukaondoka Kamere gizani, polepole, yeye akimulika tochi mbele kutafuta viboko.

Katika nusu saa ya mwanga hafifu tulitumia chambo cha kuelea chenye uso uliochimbika mbele, kile ambacho kikivutwa kwa mkupuo hutema maji na kutoa sauti. Kirushe, uache viwimbi vyote vitoweke, kisha ukivute mara moja na kukiacha tena. Samaki wa kwanza alikikosa. Wa pili alikizamisha kwa mshindo ulionishtua, na hapa ndipo mikono inapotaka kuvuta upesi. Desturi nzuri ni kusubiri hadi uhisi uzito wa samaki kwenye fimbo, kwa kuwa macho huona shambulizi kabla mdomo haujafunga. Nilisubiri, uzito ukaja, nikakita.

Alikwenda chini moja kwa moja. Breki ya rili nilikuwa nimeilegeza kiasi cha mshipi kutoka kwa mvuto wa mkono wenye nguvu ya wastani, na mshipi ukatoka kwa mlio. Kosa lililozoeleka hapo ni kukaza breki wakati samaki anakimbia; mwache akimbie, ufanye kazi anapopumzika. Tulimpima kwa mizani ya ndoana: kilo 1.9, urefu sentimita 48. Nilimshika taya kwa mkono mmoja na kumtegemeza tumbo kwa mwingine, maana besi mzito akining'inizwa kwa taya peke yake anaweza kuumia kiungo cha taya na asiweze tena kula ipasavyo. Mikono ilikuwa imeloweshwa ili ute unaomkinga ngozi usifutike. Picha ni mbili tu, zote zikiwa zimepigwa kwa pupa, kisha akarudishwa majini.

Jua lilipopanda, mchezo wa juu ya maji ulikwisha mara moja. Besi hana kope, na ingawa si mwanga pekee unaomwongoza, katika maji maangavu saa za jua kali humkuta kivulini au kinani. Tulihamia kwenye jigi, yaani ndoana yenye kichwa cha risasi na vishada vya mpira, tukaichopeka chambo chenye mapembe nyuma yake, tukawa tunaiteremsha kwenye mteremko wa mawe kutoka mita tatu hadi mita saba. Mawe huhisika mkononi kama mtu anayegonga mlango. Samaki huhisika tofauti, ni mguso mmoja laini, au uzito unaozidi bila sababu. Binamu alipata wawili wa kilo moja hivi. Mimi nilipoteza jigi tatu kwenye mawe. Atakayefuata aje na nyingi.

Wakati tukipumzika chini ya mwamba, mzee aliuliza kama huko asili yake samaki huyu hukua zaidi ya hapa. Tulimweleza kwamba rekodi ya dunia iliwekwa na George Perry katika jimbo la Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932, kwa besi wa takriban kilo 10.1, na kwamba mwaka 2009 Manabu Kurita alivua wa uzito unaokaribia kulingana kabisa katika Ziwa Biwa, Japani, hata rekodi ikahesabiwa kuwa ya wote wawili. Mzee aliuliza waliuza bei gani. Swali hilo lilitushinda.

Alasiri, huko Kamere, mama mmoja mwenye kibanda ufuoni alitukaangia besi wawili tuliowaweka kwa ajili ya chakula. Alitutoza shilingi 200 kwa mafuta na moto, akaongeza ugali bila malipo kwa kuwa, kwa maneno yake, samaki alikuwa wetu. Nyama yake ni nyeupe, imara, na haina miiba midogo ya kusumbua. Alimpasua kwa mikato ya mshazari kila upande kabla ya kumtia chumvi na ndimu.

Jumatatu: Kurudi kupitia Mai Mahiu

Dereva alichagua barabara ya chini. Tulipita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha tukapanda mteremko nyuma ya malori kwa mwendo wa miguu. Saa saba tulikuwa mjini.

Gharama za kila mmoja, baada ya kugawana boti na chumba, zilikaribia shilingi 16,000, na zaidi ya nusu yake ilikuwa boti. Mtu aliye peke yake ajiunge na mwingine, au aachane na safari ya Malewa.

Kabla ya kufunga mizigo tuliosha rili kwa maji safi na kung'oa kila kijani cha gugu kilichoshika kwenye nyavu ya kuopolea na viatu. Hili lina uzito Naivasha kuliko kwingine. Samaki pekee wa asili wa ziwa hili, aliyekuwa mdogo kama kidole, alirekodiwa kwa mara ya mwisho mwaka 1962. Karibu kila kinachovuliwa humo leo kililetwa, kwa kusudi au kwa bahati mbaya. Kamba walio hai wasibebwe kwenda kwenye bwawa la nyumbani kwa wazo la kuwa chambo cha bure. Mshipi wa fluorokaboni uliokwaruzwa na mawe ukatwe mita nzima ya mbele, utiwe mfukoni na kutupwa mjini, kwa sababu minandi hunaswa nao. Na mzee huomba apigiwe simu jioni ya kuamkia safari, si asubuhi, ili apate muda wa kununua petroli Karagita kabla vituo havijafungwa.